Mugithi: Gitaa moja livutalo garimoshi la wachezaji

WAKAZI wa Nanyuki wanayajua magarimoshi mawili. La kwanza ni la chuma, ambalo huduma yake kwa abiria ilifufuliwa mwaka 2020 baada ya kukarabatiwa kwa reli itokayo Thika na kukomea mjini humo. La pili hupatikana harusini na katika kumbi za burudani, na injini yake ni gitaa.

Hilo la pili ndilo mugithi, neno la Kikuyu lenye maana ya garimoshi. Wachezaji hupanga mstari mmoja, kila mtu akiweka mikono mabegani au kiunoni mwa aliye mbele yake, kisha huzunguka ukumbi kwa hatua fupi fupi hadi usiku wa manane.

La kushangaza ni kwamba gitaa si ala ya asili ya Mlima Kenya. Waluo wana nyatiti ya nyuzi nane, Wabukusu wana litungu na Abagusii wana obokano; zote hucharazwa kwa vidole. Wakikuyu walikuwa na wandindi, ala ya uzi mmoja, lakini hiyo husuguliwa kwa upinde. Ngoma zao nyingi zilitegemea sauti za watu, njuga na vishindo vya miguu. Hata mwomboko, uliotamba miaka ya 1940, ulichezwa kwa akodioni na karing'aring'a, yaani pete ya chuma igongwayo kwa ufito. Gitaa lilishika mizizi baada ya 1945, askari waliporejea kutoka Vita vya Pili vya Dunia.

Mugithi wa mcharazaji mmoja ulivuma katikati ya miaka ya 1990, uchumi ulipodorora. Mwenye baa aliyeshindwa kulipa bendi nzima aliweza kumlipa mtu mmoja. Miongoni mwa waliojipatia jina kwa mtindo huo ni Mike Murimi, Mike Rua na Salim Junior.

Kazi ya mtu huyo si ndogo. Kidole gumba hupiga nyuzi nene na kutoa besi, vidole vingine vikicharaza nyuzi nyembamba zinazobeba sauti ya wimbo, huku mashine ikishika mdundo wa ngoma. Wimbo mmoja huingia katika mwingine bila kituo, kwani gitaa likinyamaza, mstari hukatika. Mashine peke yake haitoshi: mcharazaji hodari hutazama miguu ya watu ndipo achague wimbo unaofuata.

Ugenini nako mbinu hiyo inajulikana. Katika vijiji vya Hungaria kulikuwa na citera, kisanduku cha nyuzi ambacho baadhi ya nyuzi zake hutoa wimbo na nyingine huvuma chini yake mfululizo. Mpigaji mmoja alitosha kuchezesha watu nyumbani ambamo kikundi cha wapiga fidla kingekuwa gharama.

Mzozo wa mugithi uko kwenye maneno. Nyimbo nyingi ni za wakongwe kama Joseph Kamaru na Daniel Kamau, au hata tenzi za kanisani, na usiku ukikomaa hutiwa matusi ambayo watunzi hawakuyaandika. Watu hucheka, lakini ni mali ya mtu inayochezewa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kamaru, mzaliwa wa Kangema aliyegeukia nyimbo za injili mwaka 1993, alifariki Oktoba 2018. Kwa hesabu hiyo tungo zake zitalindwa hadi mwisho wa 2068.

Rekodi zake kadhaa sasa zinasikika mtandaoni kwa juhudi za mjukuu wake, aitwaye pia Joseph Kamaru, mwanamuziki ajulikanaye kama KMRU. Anayetaka kuyasikia maneno jinsi yalivyoimbwa kabla ya kugeuzwa ukumbini anaweza kuanzia hapo.