Kwa nini amoksisilini haiponyi gripe

Mama anaingia farmasi: mtoto ana gripe tangu siku mbili. Anaomba amoksisilini, analipa, anarudi nyumbani. Mtoto akipona siku ya sita, dawa njo inapewa sifa. Lakini gripe inaletwa na virusi, na amoksisilini haiui virusi. Wanasayansi wenyewe walichelewa kuelewa tofauti hiyo.

Mwishoni mwa karne ya 19, baada ya kazi ya Pasteur kule Ufaransa na Koch kule Ujerumani, waganga wengi waliamini kila ugonjwa wa kuambukiza una mikrobe yake: utaiona kwa mikroskopi, utaikuza ndani ya chupa. Kwa kifua kikuu na kolera ilikuwa kweli. Kumbe majani ya tumbaku yalikuwa na habari nyingine.

Mwaka 1892, Mrusi Dmitri Ivanovsky alichukua tumbaku yenye ugonjwa wa mabaka, akachuja maji yake kwa chujio la udongo wa kuchomwa. Matundu yake ni madogo sana, bakteria haipiti. Lakini maji yaliyotoka yaliendelea kuambukiza mimea mizima! Ivanovsky alifikiri pengine ni sumu ya bakteria. Mwaka 1898, Mholanzi Martinus Beijerinck alirudilia kazi hiyo, akaona kitu kile kinaongezeka ndani ya mmea unaokua, lakini ndani ya chupa hapana. Sumu haizai. Akakiita virusi. Mwaka uleule, Wajerumani Loeffler na Frosch walikuta jambo kama hilo kwa ng'ombe wenye ugonjwa wa miguu na midomo. Kuviona kwa picha kulingoja hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, kwa mikroskopi ya elektroni.

Basi, farmasi inahusika wapi? Bakteria ina ukuta wake, na amoksisilini inaharibu ujenzi wa ukuta huo. Virusi havina ukuta wa namna hiyo. Vinaingia ndani ya seli ya mtu na kuitumikisha ivizalishe. Njo maana kule Beni na Butembo, wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, watu walidungwa chanjo, ili mwili ujifunze kumtambua adui mapema.

Mtoto wa surua anaweza kupewa antibiotiki hospitalini, ndiyo. Si ju ya surua yenyewe: ni ju ya bakteria zinazofuata nyuma na kushika mapafu. Munganga akisha kumpima, yeye njo anaamua. Kumeza bila sababu kunazipa bakteria nafasi ya kuizoea dawa, na siku mtoto atakapoihitaji kweli, inaweza kushindwa.