Damu Isipoganda Baada ya Kuumwa na Nyoka

Sumu ya baadhi ya nyoka, akiwemo kifutu, huweza kuiondolea damu uwezo wa kuganda, mgonjwa akatokwa damu kwenye fizi, puani au ndani ya mwili. Kwa sababu hiyo, anapofikishwa kituoni, mhudumu huweka damu yake kidogo katika kichupa cha kioo kilicho safi na kikavu, kisha huiacha itulie kwa dakika 20. Ndugu wa mgonjwa wasidhani kwamba wamepuuzwa: kusubiri huko ndicho kipimo chenyewe. Damu isipoganda, dawa ya kupinga sumu huhitajika bila kukawia.

Wananchi mnakumbushwa kutofunga kamba kiungo kilichoumwa, kutochanja jeraha na kutompa mgonjwa aspirini au diklofenaki, kwani dawa hizo huzidisha kutoka kwa damu. Mtulizeni, asitembee, na mwahisheni hospitali.