Nyeri na Nanyuki: ramani mbili zisizosikizana

Ukitoka Nyeri kwenda Nanyuki, kabla ya kuingia mjini unakuta kibao cha ikweta na wageni wakipiga picha. Mimi kibao kile kilinikumbusha hesabu ya wapima ardhi.

Kila siku twaambiwa miji yetu itakuwa ya kisasa, maji, barabara na taa zikisimamiwa kwa kompyuta. Vyema, lakini kwanza data za mji mmoja zisomeke na mwingine. Katika mfumo wa UTM, umbali huhesabiwa kwa mita kutoka ikweta. Walio kusini huongezewa milioni 10 ili wasipate namba hasi. Nyeri basi husoma kama milioni 9.95, na katikati ya Nanyuki, iliyo kaskazini kidogo tu ya mstari, huanza karibu na sifuri. Faili lisilotaja upande likisomwa kana kwamba ni la kusini, mabomba ya Nanyuki yataonekana karibu na Ncha ya Kusini!

Hilo angalau litachekesha na kurekebishwa. Baya zaidi ni kosa la kimyakimya. Ramani nyingi za zamani za Kenya zimejengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali simu yako hutumia WGS 84. Namba zilezile, mahali tofauti kwa takriban mita 300. Mchimbaji wa mtaro Karatina akifuata namba hizo bila kuzigeuza, atachimba pasipo na bomba, na bomba lenyewe atalikata mwingine siku nyingine.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka kila kaunti iwe na mpango wa miaka 10 wa matumizi ya ardhi unaotegemea data za kijiografia. Lakini Nyeri ni kaunti moja na Nanyuki iko Laikipia, na mito ya Mlima Kenya haijui mipaka hiyo. Nairobi walionyesha njia: mradi wa Digital Matatus uliandika njia za matatu kwa mpangilio wa GTFS unaotumika duniani, na programu za nje zikazisoma bila taabu.

Sisi wa Pwani sote tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo kichekesho cha Nanyuki hakitupati. Zile mita 300 zatuhusu. Ukiletewa ramani ya kiwanja Kilifi au Kwale, muulize mpimaji ametumia msingi upi, na mwambie auandike kwenye karatasi.