Usifunge virago kwa sababu ya SAT

JE, mwanao amefanya mtihani wa SAT akitumaini kwenda kusomea Marekani, na maksi alizopata zimemfanya ajifungie chumbani? Ama ni wewe mwenyewe, mwanafunzi, unayeitazama namba hiyo na kuona ndoto ya miaka minne ikizama?

Kabla ya kufunga virago, hebu tulia tuzungumze.

Wazazi wengi hudhani kwamba vyuo vya Marekani huchagua wanafunzi kama tulivyozoea hapa kwetu, ambapo alama za KCSE na nafasi zilizopo ndizo huamua, na aliyepungukiwa na pointi moja hukosa kozi. Kule sivyo. Maombi ya kila kijana husomwa na binadamu, na maksi za SAT ni sehemu moja tu ya anachokisoma.

Hata hivyo, ukweli usemwe. Vyuo vinavyotajwa sana ni tundu la sindano. Mwaka wa 2024, zaidi ya watu 54,000 waliomba kujiunga na Harvard na takriban 2,000 tu ndio waliokubaliwa. Wengi wa walioachwa walikuwa na maksi nzuri ajabu. Hivyo basi, maksi nyingi pekee hazimwingizi mtu, na maksi chache pekee si lazima zimfungie nje.

Chache kwa nani?

SAT huhesabiwa kuanzia 400 hadi 1600. Mwenye 1350 amewashinda watahiniwa wengi mno. Lakini akiomba chuo ambacho nusu ya kati ya wanafunzi wake walipata baina ya 1500 na 1580, ataonekana yuko nyuma.

Vyuo vingi huchapisha takwimu za aina hiyo, na watu wengi huzisoma visivyo. Ile 1500 katika mfano wetu si alama ya kupita. Maana yake ni kwamba robo ya wanafunzi waliowasilisha maksi walipata chini ya hapo na bado wakakubaliwa.

Usishangilie mapema lakini. Robo hiyo haikuingia kwa bahati nasibu. Wamo wanariadha waliotafutwa na makocha, wamo wenye vipawa vya kipekee, na wamo waliotoka katika hali ngumu ambao maksi zao, ingawa ni chache, ziliwapita mbali wenzao wa shuleni.

Na hapa ndipo penye siri. Mapema mwaka wa 2024, watafiti wa chuo cha Dartmouth walichunguza kipindi ambapo mwombaji aliruhusiwa kuonyesha maksi zake au kuzificha. Waligundua kwamba baadhi ya vijana wa familia zisizojiweza walificha maksi za kama 1400 wakidhani ni za aibu, kumbe zingewafaa. Maana 1400 ya kijana ambaye shule yake haina maabara haisomwi sawa na 1400 ya kijana aliyeajiriwa mwalimu wa kumfundisha nyumbani.

Basi, kabla ya kusema maksi zako ni chache, uliza: chache zikilinganishwa na za nani?

Kila chuo na sheria yake

Kuna vyuo visivyolazimisha SAT. Bowdoin, chuo kidogo katika jimbo la Maine, kiliacha kuidai mwaka wa 1969. Jirani yake Bates akafuata mwaka wa 1984. Janga la korona lilipoingia mwaka wa 2020, karibu vyuo vyote vikubwa vikalegeza kamba. Tangu hapo baadhi vimerudi nyuma: MIT ilitangaza mwaka wa 2022 kwamba inautaka mtihani tena, kisha Dartmouth, Brown na Harvard vikafanya hivyo mwaka wa 2024. Vyuo Vikuu vya California, kwa upande wao, haviangalii SAT kabisa katika kuchagua wanafunzi, lakini hutoza wageni karo ya juu kuliko wenyeji.

Karo ndiyo mwiba wenyewe. Katika vyuo vingi, mgeni anayeomba msaada wa pesa huwa na kibarua kigumu zaidi kuliko anayejilipia. Ni vichache tu, vikiwemo Harvard, Amherst na Bowdoin, ambavyo huchagua hata wageni bila kuangalia uwezo wao wa kulipa. Kwa hivyo, mzazi, usiulize tu, "Wanataka SAT?" Uliza pia, "Humsaidiaje mgeni?"

La kufanya

Kwanza, rudia mtihani ikiwa muda unaruhusu. Vyuo vingi huchukua alama bora ya hesabu na alama bora ya lugha hata kama zilipatikana siku tofauti. Siku hizi SAT hufanywa kwa kompyuta, na ukifanya vyema katika sehemu ya kwanza ya somo, ya pili huwa ngumu zaidi na yenye nafasi ya maksi za juu. Mazoezi yanapatikana bure kupitia Khan Academy. Vyuo vingi hufunga maombi mwanzoni mwa Januari, kwa hivyo usingoje Desemba.

Pili, mpe mwalimu mkuu muda wa kuandika barua. Msomaji aliye Marekani hajui shule yako. Aelezwe darasa lina wanafunzi wangapi, vifaa gani havipo, na wewe ulikuwa nambari ngapi. Barua inayosema tu kwamba "ana nidhamu" haimpi cha kupimia.

Tatu, katika insha yako usiombe radhi kwa sababu ya maksi. Una maneno 650 tu. Eleza ulichofanya kwa kile kidogo ulichokuwa nacho.

Nne, jipime kwa haki. Ikiwa SAT ni chache lakini kazi yako ya shule ni nzuri, una hoja. Ikiwa zote mbili ziko chini, omba vyuo vya kiwango chako. Marekani ina maelfu ya vyuo.

Tano, jihadhari na matapeli. Mwaka wa 2019 ilifichuka kwamba Mmarekani William Singer alikuwa akipokea pesa za matajiri ili watoto wao wafanyiwe udanganyifu katika mitihani. Mwigizaji Felicity Huffman alilipa dola 15,000 na akahukumiwa kifungo cha siku 14. Singer alihukumiwa miaka mitatu na nusu mwaka wa 2023. Anayekuahidi nafasi kwa malipo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mwisho, majibu ya Marekani yanapongojewa, jaza fomu za vyuo vya hapa nyumbani bila kuchelewa. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Anayepata nafasi Nairobi, Maseno au Eldoret hajashindwa. Ana mahali pa kuanzia. Na ile barua ya ng'ambo ikija, itamkuta yuko darasani.