Mzigo hewa: Mnunuzi afanye nini?

Mwenye duka wa Busunzu, wilayani Kibondo, siku hizi huagiza bidhaa Kariakoo kupitia WhatsApp au Instagram bila kusafiri zaidi ya kilomita 1,000. Anatuma fedha kwa simu, mzigo unapakiwa kwenye basi. Tatizo huanza pale mzigo usipofika, au unapofika sio ule wa kwenye picha.

Iwapo umetapeliwa, piga mara moja huduma kwa wateja wa mtandao wako wa simu. Fedha zikiwa bado kwenye akaunti ya mpokeaji zinaweza kuzuiwa; akishazitoa, kuzipata ni kazi. Namba yake iripoti TCRA kupitia 15040, kisha nenda polisi uchukue RB.

Aidha, usifute ujumbe wowote. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu hizo kutumika kama ushahidi mahakamani.

Mzigo ukifika, ufungue hapo hapo stendi mbele ya wakala wa basi na kuupiga picha. Ukiwa pungufu au tofauti, mwarifu muuzaji siku hiyo hiyo, wala usiupange dukani: ukianza kuuuza, kisheria unahesabiwa umeupokea. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC).

Hata hivyo, kinga iliyo rahisi kuliko zote ni kuanza na oda ndogo. Anayekataa kukuuzia redio moja ya majaribio hastahili kutumiwa fedha za redio 20.