Juma Ambalo Hatukumsikiliza Binti Yetu

Kila mwaka ifikapo Oktoba, akina mama wenzetu wa ibada ya Kiswahili hapa Saint Paul, katika jimbo la Minnesota, Marekani, hutuuliza swali lile lile: Je, mtoto wa Kikristo aende Halloween au asiende? Zamani tulikuwa na jibu la haraka. Lakini juma la mwisho la Oktoba 2025 lilitufundisha kwamba liko swali jingine linalotangulia hilo: Mtoto wako alipotaka kukuuliza, je, alikukuta nyumbani?

Tunawasimulia yaliyotupata, si kwa kuwa sisi ni wazazi wa mfano, bali kwa kuwa twajua nyumba nyingi zinafanana na yetu.

Nyumba ya zamu

Mmoja wetu ni muuguzi wa usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Huingia kazini saa 5 usiku na kutoka saa 1 asubuhi. Mwenziwe hufanya kazi ghalani, na ikifika saa 11 alfajiri ameshaondoka. Watoto wetu ni wawili, binti wa miaka 9 na mdogo wake wa kiume wa miaka 5. Mwaka huo tulikuwa na baraka ya Bibi, mama mzazi wa baba watoto, aliyekuja kututembelea kutoka Iringa tangu mwezi Agosti.

Kwa kuwa hatuonani sana, tumezoea kuandikiana. Mlango wa friji yetu umejaa karatasi: nani alipe umeme, nani ampeleke mtoto kliniki, nyama imeyeyushwa, mchele umekwisha. Tulikuwa tukijisifu kwamba nyumba yetu ina utaratibu.

Msimu huo wa majani kupukutika una shughuli nyingi huku. Majani yakusanywe kwa reki kabla ya theluji. Makoti ya mwaka jana yajaribiwe, na kumbe mikono imekuwa mifupi. Watu wachanjwe chanjo ya mafua. Walimu waite wazazi kuzungumzia maendeleo ya watoto. Juu ya hayo, juma lile tulikuwa na zamu ya kupika chakula cha ushirika kanisani.

Tarehe moja, kumbukumbu mbili

Jumapili tarehe 26 tulisali ibada ya Matengenezo ya Kanisa. Bibi alivaa vitenge vyake vizuri, akaimba kwa nguvu. Yeye tangu utoto aijua tarehe 31 Oktoba kuwa siku ambayo mwaka 1517 Martin Luther alitangaza hoja zake 95 kule Wittenberg. Hata huku ugenini hakujiona mgeni, maana Walutheri wa Saint Paul na Dayosisi ya Iringa wana ushirika wa miaka mingi uitwao Bega kwa Bega.

Tulipotoka kanisani, Bibi aliona nyumba ya tatu kutoka kwetu imetundikwa mifupa ya plastiki na makaburi ya maboksi. Akasimama.

“Wamefiwa?” akauliza.

Tulicheka, tukamweleza juujuu kuwa ni michezo ya watoto. Bibi hakucheka. “Mambo ya wafu hayachezewi,” alisema, akaingia ndani.

Jumatatu baba watoto alileta boga kubwa la kuchonga. Bibi alipoona nyama ya boga inakombwa ili itupwe, alinyang'anya bakuli. “Chakula hiki!” Usiku huo tulikula boga, na mbegu zikakaangwa kwa chumvi. Boga la kuchonga lina maji mengi na halina utamu wa boga la nyumbani, lakini hakuna aliyethubutu kulisema hilo.

Kinyago ndani ya begi

Jumatano asubuhi, muuguzi wa nyumba hii alirudi kazini amechoka, akafungua begi la shule la binti yetu aweke chakula. Chini ya daftari alikuta kinyago cha mpira chenye uso wa maiti na damu ya rangi.

Binti alisema ni cha rafiki yake, ameazimwa. Ijumaa kutakuwa na gwaride la mavazi ya kuigiza shuleni, na jioni watoto watapita mlango kwa mlango kuomba peremende. Alikuwa amepanga kukivaa akiwa shuleni tu, sisi tusijue.

Tulikasirika. Baba alipopigiwa simu alisema asiende popote. Bibi alisema haya ndiyo aliyoyaogopa tangu Jumapili. Sisi tulisema maneno mengi juu ya uongo na juu ya watoto wanaosahau walikotoka. Binti alisikiliza yote, kisha akasema kwa sauti ndogo:

“Mama, mimi niliomba ruhusa. Niliandika kwenye friji.”

Tulikwenda kutazama. Chini ya bili ya umeme na chini ya tarehe ya kliniki, kulikuwa na karatasi iliyokatwa kwenye daftari la hesabu. Iliandikwa tangu Jumatatu: “Mama na Baba, naomba niende Halloween na wenzangu. Naweza kuvaa nini? Nijibuni tafadhali.” Chini alikuwa amechora visanduku viwili, kimoja cha ndiyo na kimoja cha hapana. Vyote vilikuwa vitupu.

Akina mama, tumefanya uuguzi kwa miaka zaidi ya ishirini, na tumefundishwa kusoma chati ya mgonjwa hata gizani. Karatasi ya mtoto wetu wa kumzaa ilikaa siku mbili mbele ya macho yetu, nasi tukaipita kila tulipochukua maziwa.

Binti alikwenda shule bila kugusa uji wake.

Mezani

Siku hiyo hiyo tulimwomba mwenzetu kazini tubadilishane zamu ya Alhamisi. Alikubali, kwa bei ya mkesha wa Krismasi. Tulilipa.

Alhamisi jioni tulikaa wote watano mezani, simu zimezimwa. Tuliomba, kisha tukakubaliana kwamba mtoto aseme kwanza na asikatizwe. Haikuwa rahisi, hasa kwa baba yake.

“Mimi sitaki kuwa shetani,” alisema. “Mwaka jana nilibaki darasani peke yangu na kitabu cha kupaka rangi. Sitaki kuwa peke yangu tena. Na ile ni siku moja tu ambayo watu wa mtaa huu hufungua milango.”

Tulimweleza tunayoyajua juu ya sikukuu hii. Jina lake maana yake ni mkesha wa Watakatifu, kwa kuwa Novemba 1 ni Sikukuu ya Watakatifu Wote. Watu wa Ireland na Uskoti tangu zamani walifunga mavuno na kuanza majira ya baridi wakati huo, na waliamini kwamba usiku huo roho hutembea. Waairishi walichonga tanipu na kuweka mwanga ndani. Walipohamia Marekani kwa wingi wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840, walikuta maboga, ambayo ni makubwa na rahisi kuchonga. Tulimweleza pia kwamba mwaka 1950, karibu na Philadelphia, mchungaji wa Kipresbiteri Clyde Allison na mkewe Mary Emma waliwatuma watoto wakusanye sarafu kwa ajili ya watoto wenye shida badala ya peremende tu. Mara ya kwanza zilipatikana dola 17, wakazipeleka UNICEF, na mpango ule ukaenea nchi nzima.

Bibi alinyamaza muda mrefu. Kisha hakuuliza habari za mizimu. Aliuliza habari za milango.

“Mjukuu wangu, wasema siku hiyo watu hufungua? Mimi nina miezi miwili hapa. Nyumbani Iringa ningekuwa nimeshakula kwa kila jirani. Hapa simjui hata mmoja.”

Hapo ndipo tulipopata njia yetu. Kinyago kitarudishwa kwa mwenyewe. Vitu vya kifo na vya uchawi havitaingia nyumbani, na binti alielezwa sababu: sisi twaamini Kristo ameshinda kifo, na baadhi ya wapendwa wetu kule nyumbani wameumizwa kweli kweli na hofu ya uchawi, basi hatuufanyi mchezo. Atavaa kitenge na kilemba cha Bibi, na kikapu mkononi, awe mama wa sokoni. Mdogo wake atakuwa mzima moto. Watatembea mtaa wetu tu, pamoja na baba yao. Na kwa kuwa alitudanganya, ataosha vyombo juma zima. Adhabu hiyo aliipokea bila kununa, nadhani kwa sababu safari hii alikuwa amesikilizwa.

Jioni yenyewe

Watu wa Minnesota husimulia hadi leo theluji ya Oktoba 31, 1991, iliyoanza siku ya Halloween na kumwaga kiasi cha sentimita 70 kwa siku tatu. Ijumaa yetu haikuwa na hayo, lakini tuliwavika watoto makoti chini ya mavazi yao. Mama wa sokoni alionekana mnene, akafurahi.

Jua lilizama kama saa 12 jioni, na hapo ndipo penye hatari ambayo wazazi wengi hawaifikirii. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, uliotazama ajali za Marekani kwa miaka 42, ulionyesha kwamba jioni ya Halloween hatari ya mwenda kwa miguu kuuawa na gari huongezeka kwa asilimia 43 kuliko jioni nyingine za karibu yake, na watoto wa miaka 4 hadi 8 ndio walio hatarini zaidi. Nyumba ya nne, mtoto wetu mdogo aliona rafiki yake ng'ambo ya barabara, akachomoka. Gari lilikuwa linarudi nyuma kutoka uani. Baba yake alimdaka kwa kofia ya koti.

Aliporudi nyumbani mikono yake ilikuwa bado inatetemeka. Alisema neno moja tu: “Ningekuwa kazini.”

Huku nyuma, Bibi alikaa kwenye kiti mlangoni, blanketi magotini na bakuli la peremende mapajani. Kila mtoto aliyefika alimsalimu “Kamwene!” na kumwuliza, “Wewe mtoto wa nani?” Tulitafsiri. Watoto walijibu, na wazazi waliosimama gizani wakasogea penye mwanga kujitambulisha. Kwa saa mbili tuliyajua majina ya watu tuliokaa nao jirani miaka sita. Mama mjane wa ng'ambo, ambaye tulidhani hapendi watu, alikuja mwenyewe kumwona Bibi. Akaonja zile mbegu za boga, akaomba nyingine.

Tunayowashauri akina mama wenzetu

Wapo ndugu zetu wa ibada ile ile ambao Ijumaa hiyo walifunga mapazia, wakakaa na watoto wao kwa sala na chapati. Dhamiri yao imewaelekeza hivyo, na Jumapili tulikula nao sahani moja. Someni Warumi 14 pamoja na waume zenu, kisha amueni. Lakini amueni mkiwa mmekaa na watoto wenu.

Kwa watakaoruhusu, tunasema haya kama wauguzi. Mtoto asivae kinyago kinachomziba macho. Rangi kidogo usoni yatosha. Awe na tochi na nguo ya rangi nyeupe au inayong'aa. Ndani ya boga tumieni taa ya betri, si mshumaa, maana nguo hizi hushika moto upesi. Peremende ziletwe nyumbani zikaguliwe kabla ya kuliwa. Karanga na peremende ngumu si za mtoto aliye chini ya miaka 4, kwa kuwa humpalia. Mwenye mzio wa karanga asomewe kila kifuko. Na mtu mzima awe karibu kiasi cha kumshika mtoto, si kumwita tu.

Kwa msomaji aliyeko Iringa, Nakuru au Dar es Salaam, huenda Halloween ni jambo la mbali. Lakini kwako pia kuna disko la shule, kuna simu, kuna rafiki mwenye kitu begini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa kwanza ni swali la mtoto lisilojibiwa.

Karatasi ile bado iko kwenye friji yetu. Tumeihamishia juu, na sasa hakuna bili inayobandikwa juu yake. Bibi alirejea Iringa mwezi Januari 2026. Siku ya kuondoka alichukua kalamu, akaweka alama kwenye kile kisanduku cha ndiyo, ingawa hajui kusoma Kiingereza na Halloween ilikuwa imepita zamani.

Mungu azilinde nyumba zenu, na atupe sisi wazazi masikio.