Vidole kabla ya Efatha

Habari ya yule kiziwi katika Marko 7 huwa tunaikimbilia mwisho, pale masikio yalipofunguka. Tusimame kidogo kabla ya hapo. Yesu alimtenga na umati, akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi, akatazama juu. Efatha ilifuata baadaye. Asiyesikia aliambiwa kwanza kwa njia anayoiona.

Shule ya kwanza ya viziwi nchini mwetu ilianzishwa na Kanisa Katoliki mjini Tabora, mwaka 1963. (Jina lake la Kiingereza liliwataja pia kama mabubu. Si bubu mtu mwenye Lugha ya Alama.) Walimu wa elimu maalumu nao husomeshwa Patandi, Arusha.

Lakini shule hufungwa. Tuseme mtoto kiziwi amerudi likizo kwao Lusu, wilayani Nzega. Mwalimu wa shule ya Jumapili, katekista, mhudumu wa afya wa kijiji: nani kati yao atamwuliza kwa ishara tumbo linauma wapi? Kanisani anatazama midomo ya mhubiri aliyeinamia karatasi. Kipaimara chake kinaahirishwa kwa kuwa "haelewi". Hapo asiyeelewa ni nani?

Michango ya vipaza sauti tunaitoa. Basi tuchange na nauli, tumwalike kiziwi mtu mzima awafundishe hao watatu, na wazazi wakae nao darasani. Majirani wa Zakaria hawakumsubiri apone. Walimwuliza kwa ishara mtoto aitwe nani, naye akaomba kibao, akaandika.